Sufuria ya Shule na Ubao wa Mwalimu



Wahenga walisema adui mwombee njaa. Hawakusema aombewe maradhi wala moto, kwa kuwa waliijua vema tabia ya njaa: humshinda mtu kutoka ndani, ikamlegeza mikono, ikamtia kizunguzungu, na kuifunga akili yake katika wazo moja tu. Usemi huo ulikusudiwa vita. Basi yafaa kushangaa kwamba hali ile ile aliyoombewa adui ndiyo watoto wengi wanayoingia nayo darasani kila asubuhi, kisha wakatakiwa wajumlishe, watoe, wasome kwa sauti na wajibu maswali ya ufahamu.

Mwalimu aliyewahi kufundisha katika shule ya kutwa ya kijijini anaifahamu ratiba ya njaa kuliko ile iliyobandikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mtoto amekula mara ya mwisho saa 2 usiku, pengine ugali na mboga za majani. Ameamka alfajiri, amechota maji au amefagia uwanja, ametembea kilomita tatu au nne, na saa 2 asubuhi yuko mstarini. Vipindi viwili vya kwanza huenda vizuri. Kufikia saa 5 kichwa kimelala juu ya dawati. Kufikia saa 7 mwalimu anasema na madawati. Katika mawazo ya mwalimu, na wakati mwingine katika taarifa inayopelekwa kwa mzazi, mtoto huyo huitwa mzito, au mvivu, au msahaulifu, na kwa bahati mbaya majina hayo hudumu kuliko njaa yenyewe. Mtoto aliyeitwa mjinga katika darasa la pili hufika darasa la saba akiwa amekwisha kuamini.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu hazilioni kwa urahisi. Daftari la mahudhurio huitwa asubuhi. Mtoto aliyeitika "nipo" saa 2 asubuhi amehesabiwa kuwa amehudhuria siku nzima, hata kama mapumziko ya mchana yalimpeleka nyumbani kutafuta chakula na asirudi tena. Huko nyumbani huenda alikikosa hicho chakula, au alikuta ng'ombe wanamngoja. Watafiti waliochunguza chakula cha shule kaskazini mwa Uganda, katika kambi za watu waliokimbia vita katikati ya miaka ya 2000, walilitambua jambo hili, wakapima mahudhurio ya asubuhi peke yake na ya mchana peke yake. Ingefaa kila afisa elimu wa kata afanye jaribio hilo hilo kwa juma moja tu katika shule zake: daftari liitwe mara mbili. Tofauti atakayoiona kati ya hesabu hizo mbili ndiyo atakayopaswa kuijibu.

Sayansi ya jambo hili si ngumu. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini huchukua kiasi cha moja ya tano ya nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Na kwa mtoto sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Nguvu hiyo haina ghala kubwa la kuwekwa. Pamoja na hayo, kuna njaa ya aina ya pili isiyosikika tumboni, nayo ni upungufu wa madini ya chuma, madini joto na vitamini, ambao huwafanya watoto wachoke bila wao kujua kwa nini. Minyoo nayo huketi mezani kabla ya mtoto. Kwa hiyo anayepanga chakula cha shule bila kupanga dawa ya minyoo anawalisha wageni wasioalikwa.

Jambo hili si geni hapa nchini. Azimio la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 lilitaka shule iwe pia shamba, na watoto wale matunda ya kazi yao. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka 1975 kampeni ya "Chakula ni Uhai" iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili mlo wa familia. Lakini katikati ya hayo, Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate nafasi ya shule kufikia Novemba 1977, na nguvu zote za taifa zikaelekea kwenye matofali, madawati na walimu. Hilo lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Isipokuwa madarasa yalijaa upesi kuliko sufuria, na pengo hilo halijazibwa hadi leo.

Mahali pengine ilichukua aibu ili jambo hili lieleweke. Uingereza, taifa lililokuwa likitawala robo ya dunia, ilishtuka wakati wa vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902, vijana wengi walipokataliwa jeshini kwa udhaifu wa mwili. Mwaka 1906 ikatungwa sheria iliyoziruhusu halmashauri kuwalisha watoto wa shule kwa fedha za umma. Mwaka uliofuata, mjini Bradford, mganga wa shule aliwachukua watoto kama 40 wa familia fukara, wakapewa kifungua kinywa na chakula cha mchana, naye akawapima uzito mara kwa mara. Uzito ulipanda. Shule ilipofungwa kwa sikukuu ukashuka, na ilipofunguliwa ukapanda tena. Hapakuhitajika hotuba yoyote juu ya karatasi ile ya mizani.

Kupanda kwa uzito, hata hivyo, si kujifunza. Hapa ndipo wengi wanaotetea chakula cha shule hukimbia haraka mno, na ni vema kwenda polepole. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alitangaza maziwa ya bure kwa wanafunzi wa shule za msingi, na "maziwa ya Nyayo" yakawa kumbukumbu ya kizazi kizima kabla ya mpango huo kufifia katika miaka ya 1990. Idadi ya wanafunzi iliruka kwa ghafla. Je, ni maziwa yaliyowaleta? Yawezekana. Lakini karibu na wakati huo huo wazazi walikuwa wamepunguziwa michango ya shule, na mambo mawili yakitokea pamoja hakuna awezaye kusema kwa yakini lipi lilivuta na lipi lilifuata. Ndiyo maana baadaye wataalamu walianza kugawa shule katika mafungu kwa bahati nasibu, fungu moja lipate chakula na jingine lisubiri, kisha wakalinganisha.

Huko Jamaica, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, watoto 814 wa shule 16 za vijijini waligawanywa hivyo. Nusu walipewa kifungua kinywa kila siku ya shule kwa mwaka mmoja wa masomo. Wengine walipewa robo ya chungwa na uangalizi ule ule, ili isije ikasemwa kwamba ni kule kutazamwa tu kulikowachangamsha. Waliokula waliongezeka kimo na uzito na walihudhuria zaidi, ingawa tofauti hizo zilikuwa ndogo. Katika hesabu, walionufaika ni wale wa madarasa ya chini. Jambo hilo linastahili kuzingatiwa na kila mkurugenzi wa halmashauri ambaye fedha zake hazitoshi shule nzima: waanze wadogo. Katika shule nyingi hapa nchini hufanywa kinyume chake kabisa. Darasa la saba ndilo hupikiwa kwa sababu mtihani umekaribia, na darasa la kwanza hurudi nyumbani na njaa.

Kisiwa hicho hicho kilitoa fundisho la pili, lisilopendeza sana masikioni. Watafiti walikaa katika madarasa ya shule nne za vijijini wakaangalia tabia za watoto siku walizokula na siku ambazo hawakula. Katika shule moja yenye vifaa, ambako kila darasa lilikuwa na chumba chake, watoto waliokula walishughulika zaidi na kazi zao. Katika shule nyingine, zenye mpangilio hafifu na msongamano, waliokula walizidisha mazungumzo na wenzao. Maana yake ni wazi kwa mwalimu yeyote: chakula humpa mtoto nguvu, na nguvu hiyo hutafuta kazi. Kama kazi haipo ubaoni, itapatikana mgongoni mwa jirani.

Hali kama hiyo ilionekana karibu zaidi na hapa, katika wilaya za Busia na Teso magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shule za chekechea 50 zilichukuliwa, na 25 kati yake zikapewa uji wa asubuhi. Mahudhurio katika shule zenye uji yalikuwa karibu asilimia 36, na katika zile zisizo na uji asilimia 27. Si haba. Lakini matokeo ya mitihani yalipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu wa kutosha tangu mwanzo. Kwingineko watoto walikuja, wakanywa uji, wakaenda nyumbani na akili ile ile. Zaidi ya hayo, kuwagawia uji kulikula muda wa kufundisha, madarasa yalifurika, na shule zenye uji zikapandisha ada. Uji wa hisani ukaanza kuuzwa kwa mlango wa nyuma! Anayesoma matokeo hayo kwa haraka atasema chakula hakina faida. Anayeyasoma kwa makini ataona kwamba sufuria na ubao ni kama fahali wawili wa jembe moja, na ukimfunga mmoja peke yake huchora mduara.

Huko Embu, Kenya, swali lilikuwa jingine: mtoto apewe chakula gani? Kuanzia mwaka 1998 shule 12 ziligawanywa mafungu manne. Matatu yalipewa githeri, yaani mahindi na maharage, chakula ambacho Mtanzania angekiita makande. Fungu la kwanza liliongezewa nyama, la pili maziwa, la tatu mafuta, kwa kipimo cha nguvu kilicholingana. Fungu la nne halikupewa chakula shuleni. Baada ya karibu miaka miwili, watoto wa nyama waliwashinda wenzao wote katika jaribio la kufikiri kwa kutumia michoro. Katika hesabu, wale wa nyama na wale wa mafuta waliwapita wasiokula. Katika kuelewa maneno hapakuwa na tofauti. Watoto wa nyama walionekana pia wakicheza kwa nguvu zaidi uwanjani na kuwaongoza wenzao. Hakuna anayetarajia shule ya kata ichinje ng'ombe kila juma. Dagaa, mayai, karanga na mboga za majani zinaweza kufikiriwa, na shule za ukanda wa maziwa na pwani hazina udhuru. Uji mweupe wa sembe usio na kitu ndani yake huondoa njaa ya saa moja. Huo usihesabiwe kuwa mpango wa lishe.

India imelibeba jambo hili kwa mabega mapana kuliko nchi yoyote. Jimbo la Madras, ambalo sasa ni Tamil Nadu, lilianza kuwalisha watoto mchana mwaka 1956 chini ya waziri kiongozi K. Kamaraj, na likapanua sana mpango huo mwaka 1982. Majimbo mengi mengine yalikuwa yakigawa nafaka kavu tu, hadi Mahakama Kuu ya nchi ilipoamuru mnamo Novemba 2001 kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apewe chakula kilichopikwa, chenye kilokalori zisizopungua 300 na protini ya gramu 8 hadi 12, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Kwa kuwa majimbo hayakuanza kwa wakati mmoja, wachumi waliweza kulinganisha. Watoto waliokula shuleni kwa miaka iliyokaribia mitano walikuwa na alama za kusoma zilizozidi kwa asilimia 18 zile za watoto waliokula kwa muda usiofika mwaka, na kwa hesabu asilimia 9. Faida hiyo haikuja katika muhula mmoja. Mpango unaoanzishwa Januari kwa mbwembwe na kufa Aprili kwa kukosa mahindi haupaswi kupimwa kwa mtihani wa Novemba, wala hauna haki ya kulaumiwa kwamba haukusaidia.

Hoja husikika mara kwa mara katika vikao vya halmashauri kwamba mzazi akijua mtoto amekula shuleni atamnyima chakula cha usiku, hivyo fedha za umma zitakuwa zimelisha familia wala si mwanafunzi. Uchunguzi uliofanywa India kuhusu jambo hilo hilo haukuona hivyo. Mlo wa shule uliongezeka juu ya ule wa nyumbani. Wazazi maskini wana kasoro nyingi kama watu wengine wote, lakini kuwaibia watoto wao sahani si mojawapo iliyothibitishwa.

Chakula cha kubeba nyumbani nacho kina nafasi yake. Katika eneo la Sahel la Burkina Faso, mwaka 2006, wasichana waliohudhuria asilimia 90 ya siku za mwezi walipewa kilo 10 za unga wapeleke nyumbani, huku shule nyingine zikipika. Njia zote mbili ziliongeza uandikishaji wa wasichana kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 6. Hata hivyo, katika kaya zenye watoto wachache wa kusaidia kazi, mahudhurio yaliteremka. Mzazi alimwandikisha mtoto kwa ajili ya unga, lakini mbuzi bado walihitaji mchungaji.

Hesabu ya nyumbani sasa. Chukua shule ya wanafunzi 400, na mlo wa makande wenye gramu 120 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa kila mtoto. Ni kilo 48 za mahindi na kilo 12 za maharage kwa siku. Kwa siku 194 za masomo katika mwaka, shule itahitaji kilo 9,312 za mahindi, yaani magunia 93 ya kilo mia mia, na magunia 23 ya maharage. Likigawanywa kwa kila mtoto, hitaji hilo ni debe moja la mahindi na robo na ushei, na kilo zisizofika 6 za maharage, kwa mwaka mzima. Mbele ya mkulima aliyevuna, hicho si kiasi cha kutisha. Mbele ya mjane mwenye watoto wanne shuleni na ekari moja iliyoungua kwa jua, ni mlima.

Wengine hujibu upesi: shamba la shule! Fikra hiyo ni njema na ina heshima yake katika historia ya nchi hii, lakini sharti ipigiwe hesabu. Mkulima mdogo akipata magunia 6 kwa ekari, shule ile ya wanafunzi 400 itahitaji zaidi ya ekari 15 kwa mahindi peke yake, mwaka wa mvua njema. Shule yenye ekari 3 itavuna magunia 18, na hayo yatapikwa siku 37 na kwisha. Kisha iulizwe ni nani atakayelima ekari hizo 15, na katika kipindi gani cha ratiba. Shamba la shule linafaa kutoa mboga, matunda, mayai, na somo la kilimo chenyewe. Kulitaka libebe magunia 93 ni kumgeuza mwanafunzi kibarua wa chakula chake.

Kwa hiyo mzigo hurudi kwa mzazi, na hapo ndipo penye kidonda. Elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016, wazazi wengi walilielewa neno "bure" kwa ukamilifu wake, wakaacha kuchangia. Waraka wa elimu wa mwaka huo uliorodhesha wajibu wa kila mmoja, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki upande wa mzazi, ilhali walimu wakuu walikwisha kuonywa vikali wasichangishe. Mwalimu mkuu akawa kati ya nyundo na fuawe: akiomba debe la mahindi ataambiwa anakaidi serikali, asipoomba ataulizwa kwa nini watoto hawali. Mwongozo wa taifa wa mwaka 2020 juu ya chakula na lishe shuleni ulifafanua mengi, na katika sehemu nyingi mikutano ya vijiji imekubaliana upya. Lakini makubaliano ya mkutano hayafanani na bajeti. Bajeti ya serikali humlipia chakula mwanafunzi wa bweni. Mwenzake wa kutwa, anayesoma mtaala ule ule na kutahiniwa kwa karatasi ile ile, hutegemea huruma ya mavuno.

Na pale michango inapokubaliwa, hutokea jambo ambalo kila mtu hulijua na wachache hulisema. Kengele ya chakula inapolia, watoto wa waliochangia hupanga foleni na sahani zao. Wa wasiochangia hutengwa, wakakaa chini ya mti wakinusa. Husemwa kwamba bila kufanya hivyo hakuna mzazi atakayechangia tena, na hoja hiyo ina ukweli wake wa kiutawala. Lakini adhabu hiyo inampata asiye na deni. Mtoto wa miaka minane hana shamba, hana debe, wala hana kura katika mkutano wa kijiji. Akitengwa siku tatu, siku ya nne hatakuja, na daftari litamwandika mtoro.

Njia ya kutoka haihitaji kamati mpya. Katika vijiji vingi orodha ya kaya maskini tayari ipo, ikitumiwa na TASAF, ambayo yenyewe huyapa masharti malipo yake kwa mahudhurio ya mtoto shuleni yasiyopungua asilimia 80. Ni ajabu kwamba mkono mmoja wa umma humlipa mzazi ili mtoto ahudhurie, na mkono mwingine humketisha mtoto huyo huyo chini ya mti. Kamati ya shule ikipewa orodha hiyo kwa siri, na halmashauri ikazibeba sahani za watoto hao katika mapato yake ya ndani, hapatakuwa na haja ya foleni mbili. Nairobi, katika mpango wake wa jikoni kubwa za kaunti ulioanza mwaka 2023, mtoto hugusisha bangili yake kwenye mashine na kupewa chakula. Mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo, na serikali na washirika wake hubeba zilizobaki. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mtoto wa nyuma yake katika foleni hawezi kujua ni nani aliyeijaza bangili ile. Shule isiyo na umeme haiwezi kuwa na mashine, lakini daftari lililofungwa kabatini hufanya kazi iyo hiyo.

Usalama wa chakula hauna mzaha. Julai 2013, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yaliyochanganyika na dawa ya kuua wadudu. Hapa nchini, mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi iliwaugua watu 68 mikoani Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Ugonjwa ule ulitokea majumbani, lakini mahindi ya shule hutoka kwenye maghala yale yale, na mchango wa debe hupokelewa bila kukaguliwa, maana mzazi mwenye punje mbovu hujua ni debe lipi la kutoa. Ghala la shule liwe na chaga, mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, na mpishi apimwe afya na kulipwa. Mpishi wa kujitolea asiyelipwa kwa miezi sita ana ruhusa ya kibinadamu ya kuondoka na kibaba.

Kadhalika mwalimu aondolewe jikoni. Katika shule nyingi mwalimu wa zamu ndiye hupima mahindi, huwatuma wanafunzi kuni na maji, husimamia ugawaji, na huandika leja. Vipindi viwili hupotea hivyo kila siku, navyo ndivyo vilivyopotea Busia. Jiko banifu hupunguza kuni, na mtungi wa kuvunia maji ya mvua hupunguza safari za kisimani. Leja ikae kwa mjumbe wa kamati ambaye si mwalimu, isomwe mbele ya wazazi kila mwezi, magunia yaliyoingia na yaliyotoka.

Linabaki suala la majira. Katika mikoa ya kati mavuno huingia kati ya Mei na Julai, na bei ya mahindi huwa chini kabisa wakati huo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Shule hufunguliwa Januari, na Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo maghala ya vijijini yamekwisha, mashamba bado yana magugu, na kila mkono unahitajika kupalilia. Halmashauri inayongoja maombi ya shule yafike Februari hununua gunia kwa bei ya juu, kwa watoto ambao tayari wameanza kutoweka. Halmashauri inayonunua Julai, ikakausha na kuhifadhi, huwa na mahindi ghalani siku ile ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaingia darasani kwa mara ya kwanza. Barua ya kuomba fedha hizo huandikwa wakati wa kupanga bajeti, kati ya Januari na Machi, katika ofisi zile zile ambazo ndugu waliomo humu hufanya kazi.